Maziwa ya Jirani

Askari walipofika, Niyubahwe alikuwa anamwogesha mjukuu. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, miguu kainyoosha, mtoto kamlaza kifudifudi juu ya mapaja, na beseni la maji ya uvuguvugu liko ubavuni. Ndani, mkwewe Epifania alikuwa amejilaza akingoja zamu yake. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu ajifungue: bibi akimaliza na mtoto humgeukia mama, humkanda tumbo na kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha humpa bakuli la uji wa ulezi na kumsimamia hadi aone chini ya bakuli.

Mtoto alikuwa wa kike, hata wiki mbili hajatimiza. Jina hakuwa nalo bado. Jina lilikuwa la bibi kulitoa, siku ya kumtoa mtoto nje mbele ya watu, na siku hiyo ilikuwa inangojea ndizi za pombe ziive.

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua za kwanza zikinyemelea kijiji cha Murungu, upande wa Kibondo. Tangazo lilikuwa limepita sokoni kwamba Warundi waliotawanyika vijijini wakusanywe, wapelekwe kambini. Watu walilisikia, lakini wengi walidhani linawahusu wale waliokuja juzijuzi baada ya vita vya tisini na tatu. Manirambona, mume wa Epifania, hakujihesabu kuwa mmoja wao. Yeye aliingia Murungu mwaka wa sabini na mbili, mgongoni mwa mama yake Niyubahwe, angali ananyonya. Alisoma Murungu, alibatizwa Murungu, na migomba iliyoizunguka nyumba aliipanda kwa mikono yake mwenyewe.

Aliyetangulia mbele ya askari alikuwa Kipriani, balozi wa nyumba kumi, jirani yao wa upande wa juu. Alisimama kwenye ukingo wa uwanja.

"Ni hapa," alisema, wala hakumtazama mtu.

Manirambona alitoka nyuma ya nyumba, jembe mkononi. Askari mmoja akamwambia aliweke chini.

"Raia wa wapi wewe?"

"Nimekulia hapa, afande."

"Sikukuuliza ulikokulia."

Manirambona akamgeukia Kipriani. "Balozi, waambie basi."

Kipriani aliitazama migomba kana kwamba anaikagua. Askari akachungulia ndani, akamwona Epifania anajiinua kwenye kitanda cha kamba.

"Na huyu?"

"Huyo ni Muha, mtu wa Kasulu," Kipriani akasema. "Huyo ni wetu. Mwacheni."

"Na mtoto?"

"Mtoto ananyonya. Abaki na mama yake."

Muda wote huo Niyubahwe hakuinuka. "Ngojeni nimsuuze," alisema kwa Kirundi, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wasikie. Akamgeuza mtoto, akamsuuza povu shingoni na nyuma ya masikio, akamkausha taratibu, akamfunga khanga. Askari wakangoja. Labda nao walikuwa na mama zao. Kisha bibi akainuka, magoti yakilia, akaingia ndani na kumweka mtoto mikononi mwa Epifania.

"Sikiliza, mwana wanje, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Maji baridi usiyaguse. Ndoo usibebe kichwani. Kitovu kiache kikauke chenyewe, usipake mavi ya ng'ombe wala majivu, hata wakikwambia. Mnyonyeshe pande zote mbili. Na ule, hata kama chakula hakina ladha, ule kama mtu anayelipa kodi."

"Mama, mtarudi lini?"

Niyubahwe alimtazama kama mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo zamani, na watu wengine. "Kula," alisema tena. Akachukua rozari yake na shuka, akatoka.

Manirambona hakuruhusiwa kuingia kuaga. Epifania alimwona mgongo tu, shati lake la kijani likishuka njia ya shuleni ambako lori lilikuwa linangoja, na mama yake nyuma yake akichechemea. Askari wakaenda nyumba nyingine. Mchana ule lori lilipita mara mbili.

*

Siku za kwanza Epifania aliyashika maneno ya mama mkwe kama mtu anavyoshika sala. Lakini sala haichoti maji. Chemchemi ilikuwa bondeni, na kuni zilizobaki zilikuwa za kupikia mara chache tu. Wanawake ambao wangemsaidia, wale waliokuwa wakija na uji na maharage na kumpokea mtoto ili mama alale kidogo, wengi walikuwa wamepakiwa kwenye lori lilelile. Waliobaki walipita mbali na ua wake. Walisalimia kwa mkono kutoka njiani na kuharakisha mwendo, kwa maana hakuna aliyetaka kuonekana anaingia nyumba iliyowekewa alama.

Akabeba ndoo. Aliibeba nusu, akapumzika, akaibeba tena, na alipofika nyumbani damu iliyokuwa imeanza kukatika ikarudi kwa wingi. Akapunguza kuoga. Akapunguza kupika. Alikula muhogo mbichi akiwa amekaa kitandani, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyobaki chunguni aliila baridi mpaka ikachacha. Kitovu cha mtoto kilipodondoka alikitazama pale kwenye khanga, kidogo kama tumbaku kavu, asijue pa kukipeleka. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya bibi. Mwishowe alikifukia kwenye shina la mgomba, harakaharaka, akitazama huku na huku kama mwizi.

Kwao hakukuwa na wa kumwita. Mama yake alikwisha kufa. Baba yake, mzee Leonidasi wa karibu na Kabanga, huko Kasulu, alimwambia siku ya posa: "Ukiolewa na mkimbizi, basi kimbia naye." Tangu hapo hakukanyaga Murungu.

Jambo lililomtisha zaidi Epifania halikuwa njaa wala damu. Ni kwamba hakuwa anasikia chochote moyoni. Mtoto alipolia, alimsikia kama mtu asikiavyo mbuzi wa jirani. Alimtazama uso, akaona pua ya Manirambona na paji la Niyubahwe, na moyo wake ukakaa kimya palepale ulipokuwa. Alidhani labda mapenzi nayo yalipandishwa kwenye lori. Usiku alilala macho wazi, mchana akasinzia mtoto akiwa titini, akashtuka amemlalia mkono. Alijiambia: mimi si mama, mimi ni chungu tu alimowekwa.

Halafu titi la kulia likaanza. Kwanza chuchu ilipasuka, na kila mtoto alipoishika Epifania aliuma ukingo wa shuka. Akaona heri kuuacha upande huo upumzike. Maziwa yakajaa yasipate pa kutokea, titi likawa gumu kama jiwe la kusagia, likawa jekundu upande wa chini na linawaka. Homa ikaja nyuma yake. Upande wa kushoto nao ukaanza kukauka, maana mwanamke asiyekula wala kunywa hatoi maziwa kwa kutamani. Mtoto akanyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Kilio chake kikawa chembamba siku hadi siku.

Asubuhi moja Epifania alimlaza mtoto katikati ya kitanda, akamzungushia nguo ili asianguke, akachukua ndoo na kushuka bondeni. Alipofika chemchemi hakuchota maji. Aliigeuza ndoo, akaikalia. Mtoto hakusikika kutoka pale. Ndiyo mara ya kwanza, tangu lori lipite, kukaa mahali asiposikia kilio, na ule ukimya ulikuwa mtamu kuliko chakula. Akawaza: nikikaa hapa mpaka jioni, itakuwa imekwisha. Hakuliwaza kwa hasira. Aliliwaza kama mtu anayepanga kufua.

Jua likapanda. Aliendelea kukaa.

Baadaye, watu waliosimuliwa habari hii walipenda kusema kwamba upendo wa mama ndio uliomwinua. Epifania mwenyewe hakusema hivyo hata mara moja. Aliinuka kwa sababu baridi ya homa ilimshika, meno yakagongana, akatamani blanketi, na blanketi lilikuwa ndani alikokuwa mtoto.

*

Alipofika uani hakusikia kilio. Alisimama mlangoni, mkono ukutani. Kitandani alikuwa ameketi mwanamke, mtoto wake mwenyewe wa kiume amefungwa mgongoni, na kifuani amempakata yule mchanga, anamnyonyesha. Alikuwa Mama Pasikali, mke wa Kipriani.

Epifania alimtazama mtoto. Mashavu yaliyokuwa yamebonyea yalikuwa yanafanya kazi, koo linapanda na kushuka, na tone la maziwa lilikuwa linateremka pembeni mwa mdomo. Hakuwahi kumwona akinyonya namna ile.

"Amelia tangu jua likiwa kule mlimani," Mama Pasikali alisema. "Nimepiga hodi, kimya. Nimeita, kimya."

"Mpe hapa."

"Mwache amalize upande huu."

"Mume wako ndiye aliyewaleta."

"Najua."

"Alisimama palepale. Akasema, ni hapa."

"Najua, Epifania. Nilikuwa nyuma ya migomba, nilimwona."

"Basi mpe hapa."

Mama Pasikali alimchomoa mtoto taratibu, akamkabidhi. Epifania akakaa chini kwenye mkeka na kumweka titi la kushoto. Mtoto alinyonya kidogo, akakuta hakuna, akageuza kichwa huku na huku akitafuta, kisha akalia na kumgeukia yule mwanamke mwingine, mdomo wazi. Ndipo Epifania alipolia yeye, kwa mara ya kwanza. Si sana. Machozi yalishuka tu, na mtoto akaanza kumteleza mikononi hata Mama Pasikali akainama kumshika asianguke, na katika kumshika, mkono wake ukagusa kifua cha Epifania.

"Mungu wangu. Unawaka kama kaa."

Hakuomba ruhusa tena. Alimlaza mtoto kitandani, akamfungua Epifania nguo, akalitazama lile titi. Akatoka, akarudi na kuni kutoka kwake, akawasha moto na kubandika maji. Kisha akamwogesha. Alimwosha mgongo, mapaja yaliyokuwa na damu iliyokauka, nyayo. Alimkanda tumbo. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akalifunika titi, akalikamua polepole kuelekea chuchuni, na yaliyotoka yalikuwa na usaha ndani yake.

Epifania alimwachia. Mikono ile ilikuwa ya joto na ilijua kazi yake, na mwili wake uliipokea bila kuuliza ni ya nani. Alijichukia kwa hilo. Alikunywa uji aliopewa, huku anajichukia, mpaka akaona chini ya bakuli.

*

Mama Pasikali akawa anakuja asubuhi, Kipriani akishaondoka kwenda kwenye mikutano yake. Alipitia migombani, si njiani. Alimnyonyesha yule mchanga kabla ya kumpa mwanawe, akamwogesha, akamwogesha mama, akaacha kibuyu cha uji na kuondoka. Hawakuongea mengi. Neno la siku ile ya kwanza lilikuwa limekaa kati yao kama mtu wa tatu.

Lakini titi halikupona kwa maji ya moto. Lilivimba mahali pamoja, likalainika kama parachichi lililoiva, na homa haikushuka. Mama Pasikali akasema hii sasa ni ya kukatwa. Walikwenda zahanati kwa miguu, mtoto kifuani mwa mmoja, mwingine akishika fimbo na kupumzika kila baada ya kilima kidogo.

Tabibu alilipasua jipu pale pale, akatoa kilichokuwamo, akaweka kitambaa cha dawa ndani ya kidonda. Epifania aliuma mkono wake mwenyewe. Baadaye nesi, mama mtu mzima mwenye sauti ya uchovu, aliketi naye kwenye benchi. Akamwambia anyonyeshe upande wa kushoto kila mtoto anapotaka, na wa kulia aukamue kwa mkono, asiuache ujae tena. Asiogope kwamba maziwa yameharibika. Anywe maji mengi. Ale.

"Mtoto anaitwa nani?"

Epifania na Mama Pasikali wakatazamana.

"Kila mtoto ana jina," nesi akasema.

"Uwimana," Epifania akasema. Kwa Kiha na kwa Kirundi maana yake ni moja: wa Mungu. Alilisema kwa sababu siku ile hakumwona mwingine wa kumdai mtoto huyu.

"Unalala?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Huyu ananilazimisha."

"Na mtoto unamtaka?"

Mama Pasikali akadakia: "Anamtaka, nesi."

"Sijui," Epifania akasema.

Nesi hakushtuka. Alimfunga vizuri kile kidonda, akamfunika bega. "Kuna wanaochukua muda," alisema. "Mwili ukipata nafuu na moyo hufuata, si kila mara, lakini mara nyingi. Usikae peke yako tu. Peke yako ndiyo mbaya." Akamgeukia yule mwingine. "Wewe ni nani wake?"

Mama Pasikali alifikiri. "Jirani," akajibu.

*

Nafuu ilikuja kwa mwendo wa konokono. Homa ikashuka. Titi la kushoto likaanza kujaa tena. Siku moja Epifania alijikuta anamtafuta chawa wa kuku kwenye nywele za mtoto, na akagundua kwamba alikuwa anafanya hivyo muda mrefu, na kwamba alikuwa anamwimbia: hora, hora mwana, nyamaza. Aliogopa kuligusa jambo hilo lisije likakimbia.

Kipriani alijua. Kijiji hakina migomba ya kutosha kumficha mwanamke anayepita kila siku. Alikuja mwenyewe alasiri moja, akasimama mahali palepale alipokuwa amesimama siku ile ya askari. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, hujambo."

"Sijambo."

"Mke wangu ana mtoto wake wa kunyonyesha."

Epifania alimpandisha mtoto begani.

"Na jambo la pili. Shamba hili aliyepewa na kijiji ni mkimbizi. Sasa hayupo. Serikali ya kijiji itakaa kuliangalia. Ningekuwa wewe ningerudi kwenu Kabanga mapema, kabla ya mvua kushika."

"Ulikuwa unakunywa pombe na mume wangu hapa, shemeji," Epifania akasema. "Kwenye kigoda hicho."

Kipriani alikitazama kile kigoda. Akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka. Kesho yake watu wake walikata mikungu ya ndizi upande wa chini wa shamba, ile ile iliyokuwa inangojewa kwa pombe ya mtoto.

Mama Pasikali alikuja mara moja tu baada ya hapo. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande mmoja, na jicho limefunga. Alikaa kitandani, akamchukua Uwimana na kumnyonyesha kwa muda mrefu, hata mtoto aliposhiba akamwacha alale titini.

"Sitakuja tena," alisema.

"Nimeona."

"Nilimwambia asiende na wale askari. Nilimshika miguu. Akaniambia, wasipopelekwa hawa, kesho tutaulizwa sisi tumetoka wapi." Alimfuta mtoto maziwa mdomoni. "Mama yake Kipriani alizaliwa ng'ambo, kwa Warundi. Ruyigi kule. Alikuja kuolewa huku kabla ya vita vyote. Hakuna anayejua hapa isipokuwa mimi, na sasa wewe."

Epifania alimtazama. Neno hilo lilikuwa kisu, na alikuwa ametiwa mkononi mpini wake. Angeweza kulipeleka popote.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu sina kitu kingine cha kukupa," Mama Pasikali akasema.

Alimrudishia mtoto, akafunga khanga yake, akatoka. Safari hii alipita njiani, mchana kweupe.

*

Katekista Venanti, aliyekuwa amekwenda Kasulu kwa mambo ya parokia, ndiye aliyeleta habari. Watu wa Murungu walikuwa wamepelekwa kambi moja upande wa Kasulu. Alimwona Manirambona kwa mbali, amekonda lakini mzima. Bibi hakumwona. Alisikia kwamba anaumwa tumbo, kama wengi kule.

Epifania hakufikiri mara mbili. Hakuwa na nguvu za kulipigania shamba, na wa kupigana naye alikuwa amejaa kijiji kizima. Alifunga sufuria, beseni, jembe lisilo na mpini, nguo chache na unga. Akamfunga Uwimana mgongoni, akafunga mlango kwa kamba, ingawa alijua kamba haimzuii mtu. Akadandia lori la maharage kutoka Kibondo, akaketi juu ya magunia pamoja na wanawake wengine, akilinda kifua chake kila lori liliporuka shimo. Walipofika Kasulu mjini alionyeshwa njia ya kwenda Kabanga na njia ya kwenda kambini. Alikumbuka neno la baba yake, kimbia naye, akaona kwamba mwisho wa yote amekuwa binti mtiifu.

Alimkuta Manirambona anachimba mfereji kuzunguka hema la turubai. Alipomwona mkewe aliinuka, udongo mikononi, akabaki amesimama. Hakuuliza hujambo.

"Mama tumemzika wiki iliyopita," alisema.

Ilikuwa kuhara. Kulianza Jumatano, na hata Jumapili haikufika. Epifania aliuliza kama bibi aliacha neno lolote. Manirambona akasema hapana, mwisho alikuwa hasemi, alikuwa anaomba maji tu, na maji yalikuwa ya foleni. Walikwenda kaburini. Lilikuwa kilima kidogo cha udongo mwekundu kati ya vilima vingine vidogo, msalaba wa vijiti viwili. Epifania alimshusha mtoto mgongoni, akamshikilia mbele ya lile kaburi, kama mtu anayemwonyesha mgeni. Kisha akamfunga tena.

Ili apate kukaa na mumewe ilibidi aandikishwe. Mtu wa mezani alimuuliza kwa Kirundi anatokea wapi. Kiha na Kirundi ni maji ya mto mmoja, hakuna aliyemshuku.

"Ruyigi," Epifania akajibu.

Hivyo mwanamke ambaye askari waliambiwa ni wetu akawa mkimbizi katika nchi aliyozaliwa, kwa kinywa chake mwenyewe. Akapewa blanketi na ndoo.

Siku kadhaa Manirambona hakuuliza mambo ya Murungu. Aliliona kovu siku alipokuwa anamkinga mkewe kwa turubai ili aoge. Akauliza, na Epifania akamweleza yote kama yalivyokuwa: homa, chemchemi, ukimya wa chemchemi, na mwanamke aliyemkuta kitandani. Hakumficha hata yale ya kutaka mtoto anyamaze. Neno la Ruyigi, la mama yake Kipriani, alilibakiza. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Manirambona alisikiliza akiwa amechuchumaa. "Maziwa ya nyumba ile," alisema.

"Ndiyo."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ungekuwa na makaburi mawili. Pengine matatu."

Alitoka. Alikwenda akakaa na wanaume wengine karibu na bomba, na tangu siku ile hakumshika mtoto. Hakumfokea mkewe, hakumnyima chakula. Alimpita tu mtoto kama mtu anavyopita mali ya mwingine. Epifania aliona, akaendelea na kazi: kumwogesha asubuhi jua likiwa limeanza kupasha, kumkausha nyuma ya masikio, kumnyonyesha kushoto kisha kulia, maana la kulia nalo lilikuwa limerudisha maziwa, si mengi. Alikula mgao wake wote. Alikula hata asipotaka. Bado kulikuwa na asubuhi ambazo aliamka hana kitu ndani, kama mtungi uliopinduliwa, na siku hizo alikwenda kukaa na wanawake wa mahema ya jirani hata kama hakuwa na neno la kusema.

Mvua zikashika kweli. Alasiri moja walikuwa wamejibana ndani ya hema wote watatu, maji yakipita mferejini, Uwimana amelala juu ya magoti ya mama yake. Manirambona alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Alizungumza bila kuinua macho.

"Yule mtoto wa Mama Pasikali anayenyonya. Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume."

"Anaitwa nani?"

"Nduwayezu."

Akaukwangua ule mti kwa kisu, polepole, mara kadhaa. "Mama alikuwa anasema waliokula chungu kimoja wanaweza kuuana, lakini walionyonya titi moja ni ndugu, hakuna wa kuwatenganisha." Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Basi ana kaka Murungu, huyu."

"Anaye," Epifania akasema.

Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akainyoosha kumpokea mtoto.